Aisutaye mvua naye iwe imemnyea

Wahenga walinena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Methali hii tumeifundisha mno madarasani, na kila mwanafunzi aliyefika Kidato cha Pili anaweza kuieleza bila kusitasita: mtu hulisifu jambo kwa sababu limemfaa. Jambo ambalo wahenga hawakulisema waziwazi, na ambalo nimelazimika kujifunza uzeeni, ni kwamba hata yule anayeisuta mvua yafaa iwe imemnyea pia. La sivyo, maneno yake ni upepo mtupu.

Nasema haya kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili tangu mwaka 1994, na kwa muda mrefu nimekuwa hodari wa kuisuta mvua ambayo haikuwahi kunilowesha hata ukosi wa shati. Karibu kila mwaka nimekuwa nikiwaandikia wanafunzi wangu mada hii ubaoni: "Mitandao ya kijamii ina madhara mengi kuliko manufaa. Jadili." Msomaji ambaye ameketi katika darasa la Kiswahili humu nchini katika miaka ya hivi karibuni anaijua mada hii kama anavyolijua jina lake. Hoja zake huja zimejipanga kama askari wa gwaride. Upande wa madhara kuna mmomonyoko wa maadili, upotezaji wa wakati, ulaghai, uvivu wa kusoma na uharibifu wa lugha. Upande wa manufaa kuna urahisi wa mawasiliano, biashara na elimu. Nami hukaa na kalamu nyekundu nikitia alama za vema, hususan pale mwanafunzi anapoilaani mitandao kwa tamathali nzuri.

Ilikuwa mwezi wa Januari 2023, katika juma la kwanza la muhula, mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu alipoinua mkono. "Samahani, Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "naomba kuuliza. Wewe una akaunti katika mtandao upi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kama ilivyo desturi yetu walimu tunapobanwa, kwamba mtu hahitaji kuonja sumu ndipo ajue kuwa inaua. Kengele ikalia, nami nikashukuru Mungu kwa kuniokoa.

Hata hivyo, jioni ile nilipokuwa nikitembea kuelekea nyumbani, swali lile lilinifuata kama kivuli. Ukweli ni kwamba nilikuwa na WhatsApp pekee, nayo nilianza kuitumia shingo upande shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kutokana na janga la korona. Facebook nilikuwa nikiisikia tu. Blogu sikuwahi kuisoma kwa makini, licha ya kuiandika. Nilikuwa nimehukumu kesi kwa miaka mingi bila kumsikiliza shahidi hata mmoja.

Basi nikakata shauri. Kwa mwaka mzima wa shule ningeingia katika mitandao hii kama mtu yeyote wa kawaida. Nilijiwekea masharti matatu. Kwanza, nitumie simu yangu ileile ya kila siku, na bando ninunue kwa pesa zangu. Pili, niandike kwa Kiswahili sanifu popote niendapo. Tatu, kila Jumapili jioni niandike katika daftari yaliyonipata, mazuri na mabaya. Ninayokusimulia leo, msomaji mpenzi, nimeyatoa katika daftari hilo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa simu yenyewe. Ilikuwa imejifunza Kiingereza, na kila nilipoandika Kiswahili ilidhani nimekosea ikanisahihisha. Nikiandika "sana", ilinibadilishia ikaleta Santa, yule mzee wa Krismasi. Nikiandika "kama", ilileta neno la falsafa ya Wahindi. Salamu zangu za kwanza kwa mkuu wa idara zilimfikia zikiwa zimevurugika hata akanipigia simu kuniuliza iwapo nilikuwa mgonjwa. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana kibanda cha kutengeneza simu mjini, aliyenionyesha kwamba lugha ya kibodi yaweza kubadilishwa ikawa Kiswahili. Kazi hiyo ilichukua muda usiozidi dakika mbili. Nilijiuliza ni Waswahili wangapi wameacha kuiandika lugha yao kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha mahali pa kubonyeza.

Kikwazo cha pili kilikuwa msamiati. Walimu wenzangu wanakumbuka jinsi tulivyogombana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kila mmoja akidai lake ndilo sahihi, ilhali mtumiaji wa kawaida aliendelea kusema kompyuta. Katika mitandao nilikuta vita vivyo hivyo. Kuna wanaosema wavuti, wengine mtandao, wengine mdahalishi. Kuna rununu na kuna simu ya mkononi. Blogu nayo, ilipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, waandishi wa Tanzania waliipa jina zuri la gazeti tando, lakini neno blogu likashinda kwa wepesi wake. Nilijifunza kwamba istilahi hupigiwa kura na midomo ya watu, na wala haishindi kwa sababu kamati imeipenda. Ukitaka neno la Kiswahili liishi mtandaoni, litumie huko mara mia bila kulitolea hotuba.

Sasa nije kwenye Facebook, ambako kisa changu kikuu kilitokea. Mtandao huu ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Zuckerberg na wenzake wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na tangu mwaka 2009 umekuwa ukipatikana kwa Kiswahili. Nilifungua ukurasa, nikaweka picha yangu nikiwa nimevaa koti, na katika muda wa juma moja nikawa nimekutana na watu niliosoma nao chuo cha ualimu, wengine nikidhani walikwisha kufariki. Kusema kweli nilifurahi. Nilipopachika fumbo kuhusu ngeli, watu sabini walijibu. Katika maisha yangu yote ya ualimu sikuwahi kuona watu sabini wakigombania ngeli kwa hiari yao.

Sifa zile zilinilevya. Mwezi wa Februari msichana mmoja wa darasa langu aliandika insha bora kuliko zote. Ilikuwa insha ya masimulizi kuhusu safari ya kwenda kumzika nyanyake, na ilinitoa machozi. Nikaona ni vyema ulimwengu nao uisome. Nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, jina lake likionekana juu, la shule likiwa chini yake, nikaipachika na kuandika: "Tazameni kazi ya mwanafunzi wangu!" Sikumwomba ruhusa. Nilidhani ninamtunuku.

Saa ya kwanza ilikuwa ya pongezi. Saa ya pili mtu mmoja, ambaye mpaka leo simjui, aliona kwamba msichana yule ameandika "karamu" badala ya "kalamu" na "kuria" badala ya "kulia". Akaizungushia mistari myekundu picha ile na kuipachika upya, akiandika maneno ya dhihaka kuhusu watu wa kabila ambalo aliamua kuwa msichana ni wake. Mwalimu yeyote wa Kenya anajua kosa hili la kuchanganya sauti r na l, na anajua kwamba chanzo chake ni athari ya lugha ya kwanza, si upungufu wa akili. Lakini nani angesikiliza? Wakaja wa kucheka, wakaja wa kutetea, wakaja wa kuwatukana wanaotetea, na kabla ya usiku wa manane maoni yalikuwa yamepita mia tatu. Hakuna hata mmoja aliyezungumzia nyanya aliyezikwa.

Nilijaribu kujibu, nikafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini. Mpangilio wa taarifa ambao Facebook iliuanzisha mwaka 2006, na ambao umekuwa ukiboreshwa tangu hapo, haufuati saa pekee. Kompyuta hukadiria ni habari gani itakayomfanya mtu asimame na kuitikia, kisha huipandisha juu. Ugomvi huwafanya watu waitikie kuliko shukrani. Kwa hivyo kila nilipowakemea wale wakejeli, nilikuwa ninauchochea moto nikidhani ninauzima. Asubuhi niliifuta picha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wamekwisha kuihifadhi katika simu zao.

Msichana aliiona wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, katika simu ya kakake. Aliporudi shuleni hakulia wala hakunilaumu. Alifanya jambo lililoniumiza zaidi: aliacha kuandika. Mtoto aliyekuwa akiniletea kurasa nne alianza kuniletea nusu ukurasa, kwa sentensi fupifupi alizozichagua ili asilazimike kuandika neno lenye r wala l. Nililigundua hilo niliposahihisha insha yake ya pili, nikaiweka kalamu chini.

Niliomba radhi mbele ya darasa, kisha nikamwita mzazi wake shuleni. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, mtoto nilikuletea wewe umfundishe. Sikumleta kwa watu wote." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Maneno hayo nimeyaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwezi wa Februari 2025, alianza mwaka 1966 kutuuliza redioni swali moja: je, huu ni ungwana? Alituuliza kuhusu anayetema mate njiani na anayesoma gazeti la mwenzake garini akimchungulia begani. Nilijiuliza angesema nini kumhusu mwalimu anayemwanika mwanafunzi wake uwanjani ili yeye asifiwe. Na zaidi ya ungwana, kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Ni walimu wangapi, kila matokeo yatokapo, hupachika majina, alama na sura za watoto bila kumwuliza mtu? Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikaribia kuivunja ahadi yangu na kurudi katika insha zangu za kulaani. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikajaribu mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, ambao jina lake lilibadilishwa kuwa X mwezi wa Julai mwaka uleule, nikajikuta nimeingia katika nyumba moja na kutokea katika nyingine. Huko nilipata faida moja ambayo walimu wa ushairi wataipenda. Kila ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 140 hadi mwaka 2017, kisha kikapandishwa kuwa 280. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne ya mizani kumi na sita una mizani sitini na nne. Ukihesabu herufi na nafasi, haukuweza kuingia katika kikomo cha zamani, lakini katika kile kipya unaingia bila taabu. Takhmisa nayo inaingia. Tasdisa huanza kubanwa. Tulilifanya zoezi hili darasani kwa chaki na ubao, wala hatukuhitaji simu, na wanafunzi waliokuwa wakiogopa mizani walianza kuihesabu kwa furaha.

Zoezi hilo lilinikumbusha kwamba kujibizana hadharani si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu enzi za uhasama baina ya miji hiyo, na mashairi yake yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, hata William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kurasa za mashairi katika magazeti yetu ziliendeleza desturi hiyohiyo ya kuulizana na kujibizana. Basi tofauti i wapi? Naona i katika masharti. Aliyetaka kumjibu Muyaka alilazimika kwanza kutafuta vina, apime mizani, aliweke wazo lake katika umbo. Muda aliotumia kusaka kina ulikuwa muda wa hasira kupoa. Leo mtu hukasirika na kujibu katika pumzi moja. Tumeondoa lango na kuacha uwanja wazi.

Kuhusu WhatsApp sitasema mengi, maana kila mtu anaijua. Kundi letu la walimu wa Kiswahili lilinifaa kwa kubadilishana miongozo ya kusahihisha, na lilinichosha kwa uvumi na picha za maua kila alfajiri. Msimu wa mitihani ulipofika, walaghai walitujia wakidai wanauza karatasi za KCSE, na inasikitisha kwamba wapo wazazi ambao hulipa. Kadhalika, niligundua kwamba mazoezi niliyokuwa nimeyaandaa kwa jasho langu yalikuwa yakiuzwa kwa shilingi hamsini katika kundi jingine, jina langu likiwa limefutwa. Lakini kuna kazi moja ya WhatsApp nitakayoitetea popote. Wakati wa likizo ya Aprili niliwaomba wanafunzi wawarekodi nyanya na babu zao wakitega vitendawili, kwa ujumbe wa sauti, kwa hiari ya wazee wenyewe. Tulipata vitendawili mia moja na ishirini, vingine havimo katika kitabu chochote nilichowahi kukisoma. Fasihi simulizi haikuwahi kufundishika vizuri kiasi hicho.

Mwezi wa Mei, muhula wa pili ulipofunguliwa, ndipo nilipoanzisha blogu. Neno lenyewe lilitokana na istilahi iliyobuniwa Marekani mwaka 1997, likafupishwa mwaka 1999, na mwaka huohuo huduma ya Blogger ikaanza kumwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kuchapisha maandishi yake. WordPress ilifuata mwaka 2003. Katika Kenya, blogu zina historia ya heshima. Ni wanablogu na mafundi wa kompyuta, Ory Okolloh miongoni mwao, walioanzisha jukwaa la Ushahidi mapema mwaka 2008 ili wananchi waripoti kwa simu matukio ya vurugu zilizofuata uchaguzi.

Ufunguzi wenyewe ulinichukua alasiri moja ya Jumamosi na kikombe kimoja cha chai. Hutozwi ada, mradi ukubali jina la mwenye huduma lining'inie mwishoni mwa anwani yako. Unachagua jina, unachagua sura ya ukurasa, unaandika, unahifadhi rasimu, na ukiridhika unachapisha. Neno rasimu ndilo lililonivutia. Katika Facebook sikuwahi kuhifadhi rasimu hata siku moja.

Safari hii sikuingia kichwakichwa. Nilimweleza mwalimu mkuu, nikawaandikia wazazi barua, na aliyekataa sikumsumbua. Tukakubaliana darasani kwamba hapatakuwa na sura, jina la mtu wala la shule. Kila mwandishi alijichagulia lakabu, kama walivyofanya malenga wengi wa magazetini. Wakajiita majina ya kupendeza hata nikatamani kuwa na langu. Maoni ya wasomaji hayakuonekana mpaka niyasome kwanza na kuyaidhinisha, kwa maana mwenye blogu ana uwezo huo. Tena tuliweka kanuni kwamba kila kazi ipitie mikono ya wanafunzi wawili kabla ya kufika kwangu: mmoja aonyeshe kilichomgusa, wa pili aonyeshe kinachohitaji kurekebishwa, tena kwa sababu.

Matokeo hayakuwa ya miujiza. Mwezi wa kwanza nilifurahi kuona kwamba ukurasa ulikuwa umefunguliwa mara mia mbili, mpaka mwanafunzi mmoja aliponifahamisha kwamba sehemu kubwa ya wageni hao ilikuwa mimi mwenyewe. Intaneti ya maabara yetu ilikatika majuma mawili kwa sababu ya deni. Shule yetu, kama zilivyo shule nyingi za bweni, hairuhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hivyo walioandika hawakuweza kusomana mpaka siku ya somo la kompyuta. Na kila shilingi niliyonunulia bando ilikuwa shilingi iliyokosekana kwingine.

Pamoja na hayo, niliona mambo mawili ambayo sikuyaona kwingineko. La kwanza ni kwamba wanafunzi walianza kuandika upya kazi zao bila kushurutishwa. Mvulana yuleyule aliyeniuliza swali la akaunti aliandika maelezo ya jinsi ya kuendesha bodaboda kwenye matope mara tano, kwa sababu alijua kuna msomaji asiyemjua atakayehitaji kuelewa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewaandikisha insha ambazo msomaji wake pekee ni mimi, nami nalipwa ili nizisome. Sasa walipata msomaji ambaye angeweza kuondoka akichoka. Hakuna somo la ufafanuzi linalozidi hilo.

La pili ni kwamba kazi haikufa. Habari ya Facebook huishi siku moja au mbili kisha huzama. Makala ya blogu hukaa mahali pake yakingoja. Maelezo mafupi tuliyoyaandika kuhusu vitenzi vya silabi moja, kama vile la, fa na nywa, hayakusomwa na yeyote mwezi wa Juni. Mwezi wa Oktoba, mitihani ilipokaribia, yalianza kufunguliwa kila siku, na mwalimu mmoja kutoka upande wa kaskazini akatuandikia kutushukuru, akiongeza kwamba mfano wetu wa tatu ulikuwa na kosa. Tukaukagua, tukaona ni kweli, tukaurekebisha na kumshukuru. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia: haya ndiyo mazungumzo ya wasomi.

Msomaji atataka kujua habari za yule msichana. Laiti ningeweza kusema kwamba blogu ilimponya. Muhula wote wa pili hakuandika chochote. Katika muhula wa tatu aliniletea kazi moja, kwa lakabu, na sharti moja: sehemu ya maoni ifungwe kabisa. Nikaifunga. Ilikuwa kazi nzuri, yenye r na l zote mahali pake, lakini ilikuwa na tahadhari ambayo haikuwamo katika ile ya safari ya mazishi. Alifanya mtihani wake wa KCSE mwaka 2024 akaondoka. Kuna deni ambalo mtu hulilipa kidogo kidogo bila kulimaliza, nami hilo ni langu.

Kutokana na mwaka huo, nina maoni yangu, nayo nayatoa bila kujifanya mtaalamu.

Kwenu walimu wenzangu: mtaala wa umilisi umeweka umilisi wa kidijitali miongoni mwa stadi saba za msingi, na hatuwezi kufundisha kuogelea tukiwa tumesimama ufukweni na suti. Ingieni, lakini mwingie kwa majina yenu na kwa makosa yenu, wala msiwatangulize watoto kama ngao. Kabla ya kupachika chochote kinachomhusu mwanafunzi, jiulize nani atasifiwa jambo likienda vyema, na nani ataumia likiharibika. Ukiona kwamba majibu hayo mawili ni watu wawili tofauti, acha.

Aidha, tuache kuihukumu mitandao kana kwamba ni kitu kimoja. Blogu, Facebook, X na WhatsApp zimejengwa kwa namna tofauti, na umbo la kila moja humsukuma mtumiaji upande wake, kama vile tarbia na hadithi fupi zinavyomtaka mwandishi afikiri kwa njia mbalimbali. Sisi tunaofundisha fani na maudhui tungekuwa watu wa kwanza kulitambua hilo.

Kwenu wanafunzi: wazee wakiwaambia kwamba mitandao ni mchezo mtupu, wakumbusheni kwa heshima jinsi vijana walivyoufafanua Mswada wa Fedha katika X na TikTok mwezi wa Juni 2024, wengine kwa lugha zao za mama, hata mwananchi ambaye hajawahi kushika mswada mkononi akajua kilichomo. Lakini nanyi kumbukeni kwamba kidole kilekile kilichomfafanulia mwananchi ndicho kilichomdhihaki mtoto wa watu kwa sababu ya r na l. Kabla ya kubonyeza, tafuteni kina. Kama hamna shairi, hesabuni mizani kumi na sita vidoleni. Hasira nyingi hazifiki kumi na sita.

Ile mada yangu ya zamani nimeifuta ubaoni. Siku hizi nawaandikia hivi: "Simulia jambo moja uliloliona kwa macho yako mtandaoni, ueleze ungefanya nini lau lingetokea mbele yako sokoni." Insha ninazozipata haziji tena zimejipanga kama askari wa gwaride. Nyingine hunicheka, nyingine hunitisha, na mbili tatu zimeninyima usingizi. Na mwanafunzi akiniuliza leo kama nina akaunti, humjibu kwamba ninayo, kisha humsimulia ilivyonigharimu, na ilivyomgharimu mtu mwingine ambaye hakuulizwa.